Mwarubaini wa Kasiva

Siku ya kuandika historia ya Daktari Kasiva Ndolo itafika, na watafiti watakuja hapa Nunguni kuniuliza mimi, Kaluki, ambaye kitanda changu bwenini kiko karibu na chake. Nawarahisishia kazi. Ushahidi wangu ni huu, ingawa unanichafua.

Shuleni kwetu ndengu huliwa Jumanne na Alhamisi, pamoja na fukusi, wadudu watoboa punje, waliomo. Sisi tuliwaita nyama ya bure, tukala. Kasiva alisukuma sahani, akauliza mbona ndengu za nyanya yake kule Migwani hazitobolewi. Nyanya huziloweka kidogo katika maji ya majani ya mwarubaini, kisha huzianika.

Basi Kasiva akajaza chupa mbili, moja ndengu za mwarubaini, nyingine ndengu tupu. Akatia fukusi kumi kila chupa, akabandika majina, akangoja wiki saba. Mwalimu Muthama angechagua mradi mmoja tu wa kupeleka maonyesho ya sayansi mjini Wote, na Kasiva hakuwa akiota kitu kingine.

Asubuhi ya uchaguzi, kwa taadhima kuu, nilibadilisha vibandiko ili darasa lipate kicheko.

Mwalimu akainua chupa iliyoandikwa "Mwarubaini". Ndani mlikuwa na unga, na fukusi wakizunguka kama siku ya soko.

"Kasiva, hii dawa yako inawanenepesha!"

Darasa likaangua kicheko. Mimi nilicheka kuwashinda, mpaka nikaona mdomo wa Kasiva ukitetemeka. Kicheko kikanikauka.

"Mwalimu, ukweli ni kwamba..." nikaanza.

"Kaluki, nyamaza kwanza," Kasiva akasema. Akafungua chupa ya pili, akatafuna punje moja, uso ukamkunjamana. "Onja, Mwalimu."

"Mimi? Ndengu mbichi?"

"Moja tu."

Mwalimu akaonja. Akakimbilia dirisha, akatema.

"Aii! Chungu hivi?"

"Basi mwarubaini uko humu. Na tazama, hakuna hata punje moja iliyotobolewa. Kuna mtu amecheza na vibandiko."

Darasa zima likanigeukia. Hawakuhitaji upelelezi.

"Ni mimi, Mwalimu," nikasema. "Lakini mpeleke Wote, tafadhali. Huyu ni moto."

"Ataenda. Na wewe, njoo utafune kumi."

Nilizitafuna zote nikiwa nimesimama mbele ya darasa, machozi yakinitiririka, na kati ya punje na punje nilimpigia Kasiva makofi. Hakuna aliyepiga kwa nguvu kunishinda.