Taa Nyeupe kwa Piyadasa

...kwani amesema nini cha ajabu, ameomba taa nyeupe tu, taa ya karatasi kama hizo nyingine zilizotanda juu ya ua mzima wa hekalu, za waridi, za njano, za kijani, na huyu mama wa mezani ameinua kichwa na kumtazama kwa huruma, akauliza taratibu, "Pole, kijana. Baba alifariki lini?" na Dhanuka, kalamu mkononi, jina la baba yake, Piyadasa, limeandikwa nusu kwenye kikaratasi cha kufunga chini ya taa, akajibu, hajafariki, mbona unamwua, na nyuma yake Bi Jeong-rye, mpishi wa kantini ya kiwandani aliyemburuta hadi huku mlimani, akaangua kicheko, "We mtoto, unamzika baba yako mzima mzima? Nyeupe ni za marehemu! Zinatundikwa kule nyuma, hukuziona?" ...hakuziona, na hata angeziona angejuaje, kwao Sri Lanka siku ya kuzaliwa Buddha nyeupe ndiyo rangi yenyewe, sari nyeupe, shati jeupe, hata vitoto vya kubebwa, na siku yenyewe si leo, kwao ni wiki ijayo mwezi ukikamilika, Wakorea wamemzaa Buddha wiki nzima mapema, lakini siku tatu mashine zimezimwa, na mtu akipewa mapumziko haulizi ni kwa kalenda ya nani, "Basi yu hai," mama wa mezani anasema, mkono tayari kwenye taa ya waridi, "yu hai, sivyo?"...

...yu hai? ...swali dogo hivyo, na hakuna aliyewahi kumwuliza kavukavu namna hiyo, kule kijijini waliuliza kwa kuzungukazunguka, hamjapata habari yoyote, miaka kumi na miwili, baba alipanda lori asubuhi kwenda machimbo ya vito Ratnapura, wiki mbili tu, alisema, akachukua mfuko mmoja na redio, na hiyo redio imemkera Dhanuka tangu ana miaka kumi na tatu, mtu wa wiki mbili anabeba redio ya nyumba nzima ya nini? ...na mmoja akasema shimo liliingia maji likamfukia yeye na wenzake wawili, na mwingine akaapa amemwona kwa macho yake Trincomalee, anauza mikanda sokoni, tena amenenepa, na mama yake hakuchagua la kuamini, hakuvaa nyeupe ya ujane, aliendelea na sari zake nyekundu na za bluu, majirani wakamsema, na angevaa nyeupe wangemsema vilevile, ila siku moja kwa mwaka, Vesak, hiyo siku ya Buddha, mwenye mume na mjane wote wamevaa nyeupe, na mama akaenda hekaluni mgongo wima, bila mtu wa kumpima kwa macho... kumbe ndiyo maana aliipenda sikukuu ile kuliko zote, kumbe, na yeye mwanawe anakuja kuling'amua leo, ana miaka ishirini na mitano, kwenye mlima wa watu, harufu ya mafuta ya ufuta ikitoka jikoni...

"Danu, mwanangu, foleni hiyo!" Bi Jeong-rye anamgusa kiwiko. "Kama hujui, chagua yoyote, Buddha anajua kusoma. Wali wa mboga ukiisha nitakula wewe!"

...chagua yoyote, lakini mkono wake haukwenda kwenye yoyote, ulikwenda kwenye nyeupe, haraka, kama mkono unaojua, na je, ilikuwa ni mazoea ya kwao tu, kweli? ...au alimtaka baba awe chini ya lile tope, maana aliyefukiwa hakumkimbia mtu, alitaka kurudi akazuiwa, ilhali muuza mikanda aliyenenepa anaijua njia ya nyumbani, na basi la kumrudisha lipo kila siku... ndivyo, basi, ndivyo ilivyokuwa, miaka kumi na miwili amekuwa akimwua baba yake kidogokidogo ili apate kumpenda, na aibu ikampanda hadi masikioni, na nyuma ya aibu kikaja kitu kingine asichokitarajia, hamu ya kujua, hamu tupu, anaishi nyumba gani, anaamka saa ngapi, alipoikumbuka sura yangu alifanyaje, kwa sababu marehemu unamlilia tu, lakini aliye hai unaweza kusimama mbele yake ukamwuliza...

Kalamu ilikuwa bado hewani, jina bado nusu, taa ya waridi bado mkononi mwa yule mama, na bibi mmoja kwenye foleni alikuwa ameanza kukohoa makusudi.

"Yu hai, sivyo?" mama wa mezani akauliza tena, na Dhanuka, kwa mara ya kwanza tangu lile lori liondoke, akatamani jibu liwe ndiyo, hata kama huko Trincomalee wapo watoto wengine wanaomwita baba.