Kasuku Aliyemtaja Baba Mkwe

Watu wanaotaka kufuga kasuku huniuliza maswali ya kijinga. Anakula nini? Anauma? Atachukua muda gani kujifunza kusema? Mimi huwajibu kwa swali moja tu: nyumbani kwako kuna mkamwana? Kama yupo, fuga kuku. Kuku ana makelele lakini hatoi siri ya mtu, na siku akikuudhi unamla.

Nasema hivi kwa sababu kasuku nusura anivunjie ndoa, na mke niliyekaribia kumpoteza ni Tusekile, ambaye sijaona wa kufanana naye kutoka Makwale mpaka Lyulilo.

Jina langu ni Yotamu. Enzi za Wajerumani nilikuwa mpiga makasia wa mfanyabiashara mmoja wa Kijerumani pale Mwaya, ufukweni mwa ziwa. Alipofunga safari ya kurudi kwao alimpa kila mtu wake kitu. Mpishi alipewa sufuria, dobi alipewa pasi. Mimi nikapewa kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, ndani ya tundu la waya, ndege aliyeletwa kutoka Kongo. Mpishi alinitazama kwa macho ya huruma, nami kwa upumbavu wangu nikadhani ananionea wivu.

Sikuuliza ndege huyo alilelewa na nani. Kasuku haigi maneno tu. Anasema kwa sauti ile ile ya aliyemfundisha, pamoja na chafya zake na vikohozi vyake. Huyu alikuwa amekaa jikoni miaka mingi na yule mpishi, mtu wa pwani mwenye ulimi mkali kuliko kisu chake. Kwa hiyo siku ya kwanza nyumbani kwangu Makwale, mzee wa kanisa, Lameck, alipoinama tunduni na kumwamkia kwa upole, "Ughonile," ndege alimjibu kwa Kiswahili safi cha pwani kwamba kichwa chake ni boga lililooza. Kisha akafungua chupa. Yaani alitoa mlio wa kizibo, po!, na mlio wa kinywaji kikimiminika. Mzee Lameck hakumtazama ndege, alinitazama mimi. Jumapili ile tulihubiriwa habari za ulevi.

Hayo yalikuwa mchezo. Sasa inanibidi nieleze jambo ambalo mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa. Kwetu Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Sisemi kwamba hawapendani, nasema hawaonani. Mkamwana hamtazami baba wa mumewe, haingii uani kwake, hapiti njia anayopita, na jina lake halitamki mpaka mwenyewe aingie kaburini, hata kama mkwe ametangulia. Akisikia anakuja, hujifunika shuka na kujitosa migombani. Wamisionari walituambia kwamba sisi sote ni ndugu katika Kristo. Tulikubali, tukaitikia amina, na wakwe wakaendelea kujificha. Hata kanisani baba yangu alikaa mbele kabisa upande wa wanaume, Tusekile nyuma kabisa upande wa wanawake, na nguzo nene katikati.

Baba yangu, Mzee Anyisile, alikuwa mtu wa adabu. Aliishi ng'ambo ya kijito pamoja na wazee wa rika lake, nasi vijana tulikuwa na kijiji chetu, kama ilivyo desturi. Kila alipokuja kwangu alikohoa mara tatu akiwa bado mbali: kho, kho, kho. Hiyo ndiyo ilikuwa hodi yake. Tusekile akisikia tu, aliacha lolote alilokuwa akifanya na kutoweka.

Kasuku alikishika kikohozi hicho kwa siku nne.

Siku ya tano Tusekile alikimbilia migombani mara sita. Wali uliungua. Mara ya nne alikuwa amebeba chungu kipya cha wafinyanzi Wakisi, nilichomnunulia Lyulilo nikakipakata mtumbwini safari nzima kama mtoto mchanga. Kikabaki vipande. Kasuku akacheka kicheko cha yule Mjerumani, kile cha tumboni.

Wiki iliyofuata mke wangu akaerevuka. "Kohoa mpaka upasuke," alimwambia ndege bila kugeuka, akaendelea kutwanga. Safari hiyo aliyekohoa alikuwa baba.

Walitazamana uso kwa uso katikati ya ua, Tusekile kichwa wazi, mchi mkononi. Sijui nani aliogopa zaidi. Mke wangu alijitosa kwenye migomba ya kulia. Baba yangu, mtu wa miaka zaidi ya sitini na goti bovu, akajitosa kwenye migomba ya kushoto. Nilibaki katikati na ndege, naye, baada ya yote kumalizika, akaona ndio wakati mzuri wa kukohoa.

Jambo hilo lilikwisha kwa jogoo mmoja na kuombana radhi kupitia kwangu. Mama yangu, Angetile, akaamua kasuku ahamie kwake ng'ambo ya kijito, mahali ambapo hakuna mkamwana wa kukimbizwa. Nilimshukuru. Kumbe nilikuwa nimeutoa moto jikoni na kuuweka kwenye paa la nyasi.

Miezi miwili baadaye mama alikuja kwangu mbio, shuka amejifunga kiunoni, na hakungoja hata salamu.

"Yotamu, mkeo anamwita baba yako kwa jina lake."

"Nani kamsikia?"

"Ndege."

Nilicheka. Nilijipalia makaa, maana mama hakucheka. Alinishika mkono akanivusha kijito, akanisimamisha mbele ya tundu. Tulingoja. Kasuku akajikuna, akalegeza mbawa, kisha akaita kwa sauti nyembamba ya kike, tamu, yenye kuvutwa mwishoni: "Anyisile! Anyisile, weee!"

Ndege huyo tangu aje kwetu alikuwa ameishi na wanawake wawili tu. Sauti ya mama yangu naijua, ni sauti ya jiwe la kusagia. Hiyo haikuwa yake.

Na ubaya wenyewe haukuishia kwenye utovu wa adabu. Tulikuwa katika mwaka wa tatu wa ndoa bila mtoto. Shangazi zangu walikuwa wakitafuta sababu tangu mwaka wa kwanza, na sasa sababu ilikuwa imekaa tunduni, ina manyoya. Mkamwana anayelitaja jina la mkwe wake tumbo lake hufungwa, walisema. Ikaamuliwa kwamba Jumamosi tukae kikao mbele ya Mzee Lameck. Ikithibitika, Tusekile arudi kwao Jumapili, na ng'ombe wetu wa mahari warudi Jumatatu.

"Sikulitaja," Tusekile aliniambia. "Hata ndotoni sijalitaja."

"Nakuamini."

"Unaniamini hapa jikoni, au utaniamini na mbele ya watu?"

Sikujibu upesi. Nimefanya makosa mengi maishani, hata kupokea ndege kutoka kwa mtu anayeondoka bila kurudi, lakini ule ukimya wangu ndio unaoniuma mpaka leo. Alilia siku zile zote huku akipika, na chakula chake nilikila kwa aibu.

Kikao kilifanyika nje ya kanisa. Tusekile aliketi ndani, nyuma ya ukuta wa mianzi, asione wala asionwe. Baba alikaa pembeni kabisa, ameinamisha kichwa. Tangu jambo hili lianze alikuwa hali vizuri wala hasemi, nasi tulidhani ni uchungu wa kuvunjiwa heshima. Kasuku aliwekwa kwenye kigoda, kama shahidi mkubwa.

Mzee Lameck alikohoa kidogo akamwambia ndege, "Haya, sema ulichosikia."

Ndege akamwambia habari za boga.

Watu walijikaza. Lameck naye alijikaza kuliko wote, akarudia swali. Kasuku akageuza kichwa, akamtazama kwa jicho moja, na safari hii akasema kwa sauti ya mama yangu, ile ile ya jiwe la kusagia: "Mke wa Lameck! Ugali wake unaweza kuezekea nyumba!"

"Ndege mwongo!" mama alipiga kelele.

"Kama ni mwongo," Lameck akasema polepole, masikio yamemsimama, "basi sisi hapa tumekuja kumsikiliza nani?"

Hapo ndipo nilipopata ulimi wangu. Nilisimama, nikasema mbele ya shangazi zangu wote kwamba mke wangu hajalitaja jina hilo, na kwamba kama anarudishwa kwao basi nami nafuata nyuma na jembe langu. Mama akashika kichwa. Ndani ya kanisa nilisikia mtu akipenga kamasi.

Ndege hakupenda kusahauliwa. Akakohoa: kho, kho, kho.

Kulisikika kishindo ndani ya kanisa. Ni Tusekile, amejitupa chini ya benchi kwa mazoea. Watu wakaanza kucheka, lakini kasuku alikuwa hajamaliza. Baada ya kikohozi akasema kwa sauti nzito ya mzee, taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto: "Sema. Sema, rafiki yangu." Kisha ile nyembamba ikafuata: "Anyisile! Anyisile, weee!" Na mara tena ile nzito: "Vizuri. Tena."

Kicheko kilikatika. Wote tulimgeukia baba.

"Ni mimi," akasema. Alikuwa hajainua kichwa. "Kwa sauti nene hashiki. Nikajaribu nyembamba."

"Lakini Mzee," Lameck akauliza, "jina lako mwenyewe?"

"Na nani mwingine ananiita? Mke wangu ananiita baba Yotamu. Watoto wananiita tata, baba tu. Mtu wa kodi ananiita wewe. Wenzangu walioniita kwa jina tumewazika, wa mwisho alikwenda na ndui. Mama yangu ndiye aliyeniita hivyo, nilipokuwa nachunga ng'ombe na mvua inakaribia. Weee yake ilikuwa inavuka mto. Niliona naanza kuisahau." Akajipangusa uso kwa kiganja. "Kuifundisha si kosa. Kosa ni kwamba nilisikia mtoto wa watu analia, nikanyamaza, kwa kuwa naona haya kuonekana mzee mzima nacheza na ndege."

Nilitaka kumkasirikia, sikuweza. Mama alikuwa akilia waziwazi.

"Ungeniambia," alisema, "ningekuita mimi."

"Wewe? Wewe ukiita, mbuzi wote wa Makwale wanakimbia."

Ndipo watu walipopata ruhusa ya kucheka, na walicheka mpaka Mzee Lameck akasahau ugali wa mkewe, ingawa sidhani alisahau kabisa. Kutoka nyuma ya mianzi ikaja sauti ya Tusekile, mbichi kwa machozi: "Mwambieni aliyeko nje kwamba sina kinyongo. Nitampikia. Ila ndege wake asirudi kwangu."

Mwaka uliofuata Tusekile alijifungua. Shangazi zangu, waliokuwa wa kwanza kumfungia tumbo, walikuwa wa kwanza kupiga vigelegele, wakasema mtoto ni lazima apewe jina la babu yake. Nikakubali bila kufikiri. Siku ya ubatizo, Lameck alipolitamka jina hilo kwa sauti kubwa, nilimwona mke wangu anajifunika uso, ndipo nilipoelewa nimefanya nini. Nimempa mtoto jina ambalo mama yake hawezi kumwita. Tangu siku hiyo alimwita Wewe, au Mgeni, au, akikasirika, Mtoto wa Yotamu.

Baba alifariki mwaka ambao vita vya wazungu vilianza. Baada ya arobaini mama alikuja na tundu. Alisema hawezi kuendelea kusikia kikohozi cha mtu aliyemzika. Nilimtazama Tusekile nikitegemea ugomvi. Alilipokea tundu kwa mikono miwili, akalitundika pale pale lilipokuwa zamani.

Masika ya mwaka uliofuata nilikuwa nimelala barazani kwa homa, sauti imekauka kooni. Mchana, mawingu meusi yakaanza kushuka kutoka milima ya Ukinga, na mtoto wetu alikuwa mabondeni kwenye mpunga, karibu na kijito, na kijito chetu kikijaa hakina masihara. Tusekile alikimbia hadi ukingo wa ua.

"Wewe!" akaita. "Wewe, njoo!"

Watoto sita wa majirani waliinua vichwa. Wetu hakuinua. Akaita tena, "Mgeni! Mtoto wa Yotamu!" lakini upepo uliyatupa maneno kando. Nilijaribu kuinuka, miguu ikakataa. Nilimwona anafungua mdomo kulitaja lile jina, kisha akaufunga.

Akarudi mbio mpaka kwenye tundu. Akasimama mbele ya kasuku, akakohoa mara tatu: kho, kho, kho.

Ndege aliinua kichwa. "Anyisile!" akaita, sauti nyembamba, tamu, ikivutwa mwishoni. "Anyisile, weee!" Ilishuka mabondeni ikavuka kijito, na kule kwenye mpunga nikaona kichwa kidogo kikigeuka na kuanza kukimbia kuja nyumbani.

Tusekile alikuwa amekwisha jifunika shuka hadi machoni, ameipa mgongo njia.

Mtoto aliingia uani akihema, matone ya kwanza yakimfuata, akauliza ni nani aliyemwita. Mama yake alinyoosha kidole kwenye tundu bila kugeuka.

"Mama yake babu yako," akasema. "Nenda kajifute maji."