Ndiyo Ishirini na Tatu

"Soma kwa sauti," fundi seremala alisema, akaisukuma simu yake juu ya kaunta. "Si wewe ndiye unayenisomea siku zote? Na hii nisomee."

Mama Chapa, mpiga chapa wa mtaa, alivaa miwani. Ulikuwa ujumbe kutoka kwa dada wa seremala. Binti wa seremala amepokea barua pepe kutoka anwani ya baba yake, imejaa picha chafu, na ameifungua mbele ya wakwe zake. Anasema baba asimwandikie tena maishani.

"Mzee, si wewe uliyeandika hii."

"Najua si mimi. Hilo sanduku lako la kompyuta hata kuliwasha sijui. Ninachouliza ni kwamba aliyeandika aliingiaje."

Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomtisha Mama Chapa. Mtaa mzima ulimwita Mzee Randa, na mtaa mzima ulizoea kumsikia akigombana na mbao zake tangu asubuhi. Miaka tisa hakuwa amesemezana na binti huyo, aliyeolewa bila ridhaa yake. Miezi minne iliyopita aliingia humu na anwani aliyoiandika nyuma ya kipande cha msasa, akakaa kwenye kiti hiki hiki, akatamka barua nzima kwa maneno matano: "Mwanangu. Ni mimi. Nilikosa. Baba." Mama Chapa aliipiga chapa huku macho yakimwasha. Jibu lilikuja baada ya siku kumi na moja. Tangu hapo barua saba zilikwenda na kurudi, na kila jibu lilipoingia alimtuma fundi cherehani wa jirani akamwite mzee kwenye karakana yake.

"Ngoja niangalie," alisema, akawasha mashine.

Ilikuwa kompyuta kuukuu, iliyotupwa na ofisi fulani, yeye akaiokota na kuilea miaka kumi na miwili. Ilinguruma, ikakohoa, ikaamka. Alipofungua kivinjari, ile programu ya kuingilia mtandaoni, kisanduku cha manjano kilijitokeza katikati ya kioo, na kidole chake kikakifuta kwa mazoea.

"Hicho ulichokifuta kimesema nini?"

"Ah, hiyo hutokea kila siku, mzee."

"Nimeuliza kimesema nini."

Akakirudisha, akasoma. Kivinjari hiki hakipokei tena marekebisho ya usalama. Taarifa zako ziko hatarini.

"Kimeanza lini kukwambia?"

"Mwaka juzi."

Mzee Randa alitazama mikono yake. Kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kilikuwa nusu, msumeno ulikula nusu nyingine. "Msumeno wangu nao ni wa zamani," alisema. "Umri si kosa. Lakini ukinipigia kelele siku moja tu, naushusha. Kelele zake sizifuti."

Mama Chapa alijua pia kilichokuwa kibaya zaidi, na kwa kuwa hakuwa mwongo, alimwonyesha. Ndani ya kivinjari kulikuwa na orodha ya watu ishirini na watatu, kila mmoja na neno lake la siri. Wateja wake walikuwa wasahaulifu. Huyu alisahau namba, yule alisahau herufi kubwa ilikaa wapi, na mashine ilipouliza kama ikumbuke, yeye alibofya Ndiyo. Mara ishirini na tatu. Aliona anawahurumia. Wiki iliyopita alifungua faili la mtu asiyemjua, lililojiita maombi ya kazi, ukatokea ukurasa mweupe mtupu. Hakuuwazia tena mpaka leo, alipoelewa kwamba huenda wezi walipitia hapo.

"Kwa hiyo ufunguo wangu uliuacha mlangoni."

"Niliona nakusaidia, mzee."

"Umenisaidia kweli." Akachukua simu yake, akatoka.

Mama Chapa alichomoa waya wa mtandao kwa nguvu hata kaunta ikatikisika. Hasira zilimpanda kama maziwa jikoni. Aliwakasirikia wezi, wasio na haya wala mama. Akakikasirikia kidole chake. Halafu akamkumbuka fundi wa kompyuta aliyekuwa akimtengenezea mashine, akafunga mlango, akaenda kwake na miwani ingali puani.

"Nilikuuliza kuhusu kile kisanduku cha manjano," alimwambia mbele ya wateja wake. "Ukasema nini?"

"Mama, shida nini tena?"

"Ulisema, inafanya kazi? Iache. Ukanifundisha pa kubofya ili kinyamaze."

Fundi alicheka kidogo. "Sasa ile si maiti, mama? Unaivalisha suti tu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Chukua kompyuta hii hapa, mpya, lipa polepole."

"Usinitolee methali, mimi nikikutolea yangu hutalala. Hasira za mkizi furaha ya mvuvi, eh? Umekaa miaka miwili unangoja nivimbe uje uniuzie."

"Basi chukua hiki kivinjari chepesi, bure. Kinakimbia kama upepo."

"Marekebisho ya mwisho yalitoka lini?"

Fundi akakuna shingo. Hakujua.

Mama Chapa alirudi akafunga duka siku mbili, akakaa na simu yake akisoma mpaka shingo ikakakamaa. Hakutafuta kizuri wala chenye mbio. Kila programu aliiuliza swali moja: nani bado anakuziba matundu kwenye mashine kama hii yangu? Kile chepesi cha fundi kilikuwa hakijaguswa miaka minne, akakitupa. Kingine kilitaka kushushwa kutoka kwenye tovuti isiyojulikana ni ya nani, nacho akakitupa. Alibaki na kimoja, kizito, kisicho na sura, ambacho watengenezaji wake walikuwa wamekirekebisha mwezi ule ule. Kwa barua akachagua programu inayoonyesha maandishi matupu, isiyofungua picha wala faili mpaka iambiwe. Akaisafisha mashine yote kabla ya kuziweka. Alijua mlango mpya hauponyi ukuta wa zamani, kwa hiyo waya wa mtandao ukawa unachomekwa kwa kazi tu, kisha unatoka.

Ile orodha aliifuta. Halafu akawaendea watu wake mmoja mmoja, awaambie wabadilishe maneno yao na kwa nini. Mmoja alimcheka. Mwingine alimtukana hadharani, naye akasimama akapokea tusi lote mpaka likaisha.

Mzee Randa alikuwa wa mwisho. Alimkuta anapiga randa, na mzee hakuiacha. Mama Chapa akasema aliyokuja kusema kwenye kelele ile ile, akaondoka bila kujua amesikika kiasi gani.

Mzee alikuja dukani Jumamosi, penseli sikioni, vumbi la mbao kwenye nyusi. Hakusalimu. Waliirudisha akaunti yake ya barua pepe kwa namba iliyotumwa kwenye simu yake.

"Sasa weka neno jipya," Mama Chapa alisema. Akasimama, akakigeuza kiti chake kikaelekea ukutani, akakaa. "Mimi sitazami."

Nyuma yake vitufe vililia kimoja kimoja, kwa mapumziko marefu. Mwishowe vikanyamaza. Akaanza kugeuka.

"Bado," mzee alisema. "Barua nayo naandika mwenyewe."

Basi akabaki na ukuta. Rangi ilikuwa imebanduka pale, hakuwahi kuona. Alihesabu vishindo vya kidole kimoja mpaka hesabu ikampotea. Aliona kiu, hakuinuka.

"Pa kutuma ni wapi?"

"Juu, kushoto. Pameandikwa Tuma."

Akangoja kusikia kipanya kikibofya. Alisikia pumzi za mzee tu. Kisha kikaja kishindo cha kitufe cha kufuta, mara moja, mara mbili, mfululizo kwa muda mrefu. Halafu kidole kikaanza upya, herufi ya kwanza.