Bi Zeinab Ndani ya Karavani

Tajiri akichoka na raha hukodi taabu. Sina maneno mengine ya kuwaelezea watu wenye nyumba ya vyoo sita pale Al-Safa, Jidda, wanaofunga safari ya kutwa nzima hadi nje ya Riyadh ili walale ndani ya sanduku la bati na kuliwa na mbu. Wanaliita karavani. Mimi nimekulia Bondeni, Nakuru, chumba kimoja watu wanane, na hakuna siku tulikaa tukaambiana, jamani, twendeni tukabanane mahali pengine.

Lakini madam Mwatima, bosi wangu, alikuwa na sababu. Binti yake Amal alikuwa ameposwa na Yazid, kijana wa ukoo mkubwa wa Riyadh, na mama yake Yazid ndiye aliyetualika kwenye kambi yao ya majira ya baridi, kando ya maziwa ya Al-Hair. Hapo ndipo neno la mwisho lingetolewa: posa ishike au ivunjike. Wiki nzima madam hali, halali. Alimtuma mumewe, baba Badawi, akakodi karavani kubwa kuliko gari lenyewe la kuivuta, na ikavutwa kutoka huko huko Jidda, ili tuonekane tukiingia.

Sasa sikia. Madam huyu alizaliwa Jidda, lakini wazazi wake ni Wazanzibari waliokuja baada ya yale ya sitini na nne. Nyumbani kwake Kiswahili ndicho cha kugombana na ndicho cha kubembelezana. Mimi mwenyewe niliajiriwa kwa sababu ya Kiswahili, nimtunze mama yake, Bi Zeinab, ambaye uzee ulimnyang'anya Kiarabu chote ukamwachia lugha ya utotoni. Ila siku ya kuondoka madam alitupanga sebuleni kama watoto wa nasari.

"Kule Kiswahili halas," akasema. "Jael, utajibu kwa hicho hicho Kiarabu chako kibovu. Na mama atakaa ndani ya karavani, mapazia yamefungwa."

"Kwani mama ana nini?" baba Badawi akauliza.

"Hana kitu. Lakini akifungua mdomo tu tumekwisha. Watu wa Riyadh watasema sisi watu wa kuja."

"Si wa kuja?" Bi Zeinab akadakia. "Mie nilikuja na meli, natapika, na wewe umo tumboni. Ulidhani tumeota hapa kama mtende?"

Amal alitazama zulia. Sitaficha, nilimdharau kidogo. Msichana amesoma chuo kikuu, ameshindwa kumtetea nyanya yake kwa neno moja.

Tulipofika Al-Hair nikakutana na Lydia, msichana wa Kakamega, mfanyakazi wa mama Yazid. Kabla sijamaliza kushusha sufuria alikuwa ameshanipa habari za boma zima: nani ana mke wa pili, nani amenunuliwa pua mpya.

"Na haya maji unayaona?" akaniuliza. "Yametoka kwa vyoo vya Riyadh."

"Acha!"

"Haki ya Mungu. Yanasafishwa, yanateremshwa bondeni, matete yanaota, ndege wanakuja. Halafu hawa wanayapigia picha, ati wamepata hewa safi."

Hewa safi yenyewe ilikuwa inanguruma. Walikuwa na jenereta ya kuwasha taa za kuning'inia ndani ya hema, mchana, na mazulia manene yametandikwa juu ya matope. Wanaume hema lao, wanawake lao. Utulivu wa porini ulibebwa na lori mbili.

Kwenye hema la wanawake madam alikuwa amekaa kama aliyemeza fimbo, anacheka kila mama Yazid anapopumua. Nilikuwa namimina kahawa wakati pazia la karavani yetu lilipochezacheza, mkono wenye hina ukatokea dirishani, ukafukuza mbu, ukarudi.

"Nani yumo mle ndani?" mama Yazid akauliza.

"Hadama wetu mwingine," madam akajibu kwa Kiarabu laini kama samli. "Anaumwa."

Nimeona dharau nyingi Saudia, na zingine zimenipata mimi mwenyewe. Lakini mtu kumgeuza mama yake mzazi kuwa mtumishi wa ndani, tena mgonjwa, tena huku anatafuna tende! Amal yeye aliirudisha tende yake sahanini.

Chakula kikaletwa, wakala. Walipomaliza, mama Yazid akataka kuonyesha huruma. Akamwita Lydia, akamkusanyia kwenye sahani ya plastiki wali uliosukumwa pembeni, na mifupa ambayo nimeiona kwa macho yangu ikifyonzwa. "Mpelekee yule mgonjwa."

Madam aliiona ile sahani. Neno moja tu lingetosha. Akachukua tishu, akajipangusa midomo.

Nikamfuata Lydia mbio. Bi Zeinab alikuwa amekaa kitandani, kanga mpya, vipuli vya dhahabu, njaa inamuuma, maana nilikuwa nimekatazwa kumfungulia mlango kabla wenyeji hawajamaliza kula.

"Hiki nini?"

"Chakula, Bibi," Lydia akasema, kisha akashangaa. "Kumbe unajua Kiswahili!"

"Chakula cha nani hiki?"

"Wamesema ni cha mfanyakazi mgonjwa."

"Kasema nani?"

Lydia hakuwa na habari ya siri yetu. "Si huyu madam wenu? Mama Amal."

Bi Zeinab aliitazama ile mifupa. "Jael, nipe makubadhi yangu."

Alitembea polepole, sahani mkononi, akaingia hemani. Madam akaruka.

"Mama! Rudi ndani! Wanifanyia nini mbele za watu?" Kiswahili cha Unguja, kitamu, kimenyooka. Yeye aliyetukataza ndiye aliyekimwaga wa kwanza.

Bi Zeinab akaiweka sahani mbele ya mama Yazid kwa mikono miwili, kwa adabu zote. "Mwambieni ahsante. Ila paka tumemwacha Jidda."

"Anasema nini?" mama Yazid akauliza.

"Mafi kalam, Jael!" madam akanifokea, yaani nisiseme neno. "Mafi!"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo, sidanganyi, lakini Amal aliniwahi. Alisimama akatafsiri neno kwa neno, paka na yote, akaongeza, "Huyu si hadama. Huyu ni bibi yangu, mama yake mama."

Nilingoja mama Yazid azimie. Alinawa vidole tu.

"Tunajua," akasema. "Mlidhani tunaozesha bila kuuliza? Tumeuliza Jidda nzima. Ndiyo maana tukasema tukutane huku, si nyumbani kwetu kwenye macho ya majirani. Kijana amependa, tufanyeje? Siku ya harusi bibi abaki Jidda tu, na mambo yatakwenda salama."

Na madam wangu, huyu huyu aliyezaliwa na huyu mzee, akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. Akatabasamu! "Inshallah," akasema. "Atabaki."

"Atabaki," Amal naye akasema, Kiarabu, taratibu, kila mtu asikie. "Na mimi nitabaki naye."

Akamshika bibi yake mkono wakatoka. Mimi nikafuata na birika lao, hata sikukumbuka kuliacha.

Baba Badawi alipoambiwa hakuuliza mara mbili. Akaanza kuifunga karavani nyuma ya gari. Madam alitufikia mbio, abaya imejaa matope.

"Amal, rudi ukaombe radhi. Bado wamo hemani, hawajainuka."

"Anza wewe, mama. Muombe Bibi kwanza."

Bi Zeinab alikuwa ameshaketi garini, mlango wazi, hajageuza uso wala hajanuna. Alikuwa anangoja. Madam alimtazama mama yake. Akalitazama hema. Tena mama yake. Kisha akainua abaya yake kwa vidole viwili, isichafuke zaidi, akarudi hemani peke yake, anapunga mkono wasishushe pazia la mlango kabla hajafika.

Bi Zeinab alimsindikiza kwa macho mpaka akaingia.

"Badawi, mwanangu," akasema, "washa gari."

Akaliwasha.