Ramani Juu ya Cherehani

Mwanawe aliyefunga ndoa na kuishi ng'ambo alipomwambia, "Baba, njoo ututembelee," fundi cherehani alibandika ramani ya nchi ile ukutani kwa pini, akaanza kuisoma. Kwa mkwe hakwendwi kichwa kitupu, bwana! Mteja akija kupimwa kiuno, alisimuliwa wafalme na vita vyao mpaka aijutie suruali. Jioni, mjane wa watu, salamu za kigeni alizifanyia mazoezi mbele ya sahani yake moja.

Siku ya kukata tiketi akapiga simu, akamsalimu mwanawe kwa lugha ya huko, akataja mito yote bila kukosea.



"Baba, huko tulishahama mwaka juzi. Sikukwambia?"

"Uliniambia," fundi akadanganya, huku akichomoa pini ukutani, mojamoja.