Mshonaji katika Bweni la Wachomeleaji

Darasa la ushonaji lilikuwa na wavulana wawili, na mmoja alilala kwa shangazi yake mjini. Aliyebaki, Selorm Agbeko, akapangiwa bweni la wachomeleaji wa vyuma, maana huko ndiko kulikobaki kitanda.

Chuoni pale kila mtu alijua wenzake walivyo. Watu wa umeme walikuwa na maringo, wa upishi walikuwa wambea, wachomeleaji walikuwa wagomvi. Washonaji walikuwa laini. Kwa hiyo Selorm aliingia na begi lake akiwa amejiandaa kupoteza meno.

Alikuta watu wameloweka chenga za muhogo kwenye bakuli, wanabishana kuhusu sukari. Kiranja wao, Dumevi, jitu la mabega mapana, alimpa kitanda cha dirishani, halafu akamweleza mambo yalivyo. Humo ndani hakuna aliyewahi kupigana. Ila kila jioni walitoka uani kugonga vyuma na kufoka, ili watu wa umeme wasiwapite kwenye foleni ya maji.

"Ukimwambia mtu, umetumaliza," Dumevi alisema.

Selorm hakumwambia mtu. Jioni naye akawa anatoka kugonga.

Harmattan, ule upepo mkavu wa vumbi, ulipoanza kuvuma, maji yakapungua. Fiifi wa umeme akaja na wenzake, akasukuma ndoo za wachomeleaji pembeni na kuweka zao. Dumevi akafoka kama kawaida. Fiifi hakuondoka. Dumevi akafoka tena, sauti ikaanza kumkauka, wenzake nyuma wakitazama viatu vyao. Selorm alikuwa kwenye foleni tangu alfajiri. Akasogea, akampiga Fiifi ngumi moja ya mdomo. Fiifi akakaa kwenye matope.

Mlezi wa mabweni, Bwana Ofosuhene, akawaita wote watatu ofisini. Fiifi, mdomo umevimba, aliapa kwamba aliyempiga ni Dumevi. Selorm akasema ni yeye.

"Wewe unasoma nini?" mlezi akauliza.

"Ushonaji, Mwalimu."

"Basi tuache tuzungumze."

Selorm akamgeukia Fiifi. "Kaka, si ulinitazama usoni kabisa?"

"Mimi nipigwe na mshonaji?" Fiifi alijibu, macho ukutani.

Dumevi alipoulizwa, alifikiri kidogo, akakiri. Adhabu ikawa kufyeka uwanja wa mpira wiki nzima. Wasichana wa upishi walikuja kumtazama, na ndoo za wachomeleaji hazikuguswa tena.

Selorm roho ilimuuma. Kesho yake akachukua panga, akaanza kufyeka kando ya Dumevi.

"Rudi bwenini, bwana, utaniharibia," Dumevi akanong'ona.

"Ngumi ilikuwa yangu."

"Najua. Na ilikuwa nzuri. Kidogo nipige makofi."

Wakafyeka mpaka Bwana Ofosuhene alipopita. Alisimama, akamsifu Selorm kwa kumhurumia mwenzake, kisha akamwamuru aweke panga chini kabla hajajikata.

"Huyu mwache," alisema, akimwonyesha Dumevi. "Amezoea."

Dumevi akaitikia kwa kichwa. Viganja vyake vilikuwa vimejaa malengelenge.