Doa Chini ya Tranka

Asubuhi nilikuwa napanga nguo za kwenda nazo hospitali. Khanga mbili, kandambili, kipande cha sabuni, na daftari la Baiolojia kwa sababu kurasa zake za nyuma bado nyeupe. Sweta langu lilikuwa ndani ya tranka la da' Priska, na lile tranka halifunguki mpaka ulivute mbali na ukuta. Nikalivuta.

Chini yake sakafu ilikuwa imebabuka.

Chumba chetu, huku Nzuguni, kina sakafu ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu. Mama mdogo Hilda anaipenda kuliko makochi yake, kila Jumamosi tunaisugua mpaka unaona sura yako, ila kona ya tranka anasugua Priska mwenyewe. Pale chini ya tranka palikuwa na doa jeupe, pana kama sinia, na kutoka kwenye doa kulikuwa na mchirizi mfupi unaelekea upande wa mlango. Nikapitisha kidole. Pamelika, pana chengachenga kama chumvi ya mawe.

Moyo ukaanza kwenda mbio. Nikadhani ni ile hali yangu imerudi, nikakaa chini nisubiri. Haikuja. Dawa nimekunywa wiki mbili. Ilikuwa hasira tu, ya kawaida, kama ya watu wengine.

Hali yangu ilianza mwaka jana. Inaanza kama mtu amekushtua kwa nyuma. Moyo unapiga mpaka shati la shule linacheza, jasho linatoka huku mikono ya baridi, kichwa kinataka kupasuka. Dakika kumi na tano, ishirini, halafu inaondoka na mimi nabaki kama nimepakwa majivu. Shuleni wengine walisema mapepo, wengine wakasema mimba. Mi siyo mwongeaji, sikuwajibu. Mwalimu Meshack, mwalimu wa nidhamu, akanipa jina la Msanii. "Leo Msanii anaigiza saa ngapi?" Darasa zima linacheka.

Aliyekuwa hacheki ni da' Priska. Ni mtoto wa mama mdogo, kanizidi mwaka mmoja. Mama mdogo alinichukua kutoka Gulwe nilipofaulu darasa la saba, na tangu hapo mimi na Priska tunalala kitanda kimoja. Hali ikinishika alikuwa ananishika vidole vya miguu na kuhesabu. Moja, mbili, tatu. "Nipo, Devo. Hesabu na mimi." Siku moja tulifika elfu moja mia mbili.

Daktari wa kwanza alinipima presha nikiwa katikati ya ile hali. Akapima tena, akabadilisha mashine, akapima tena. Mia mbili na kumi. Mtoto wa kidato cha tatu. Akasema kuna kipimo kimoja, hakifanyiki sana, lazima nikusanye mkojo wangu wote wa saa ishirini na nne, usipotee hata tone. Baba kule Gulwe akauza maksai mmoja wa kulimia ili kipimo kifanyike.

Wakanipa dumu la njano lenye mfuniko mweusi. Mtu wa maabara akanionya kwamba ndani kuna asidi kidogo, nisisuuze, nisimwage, nikojoe kwenye kikombe halafu ndo nimimine. Na karatasi ya vitu vya kutokula. Nilimsomea Priska kitandani.

"Ndizi, kahawa, chokoleti, marufuku."

"Chokoleti!" Alicheka mpaka akajifunika shuka. "Hivi wamekuona una sura ya chokoleti wewe? Wangekukataza mlenda, hapo ungekufa njaa."

Nilianza Jumamosi asubuhi. Dumu nikaliweka upande wa ukutani, nimelizungushia gunia bichi lisipate joto. Kila nikitoka chooni na kikombe nimekifunika kwa mkono, nachungulia kwanza kama hakuna mtu uani. Mchana mama mdogo, ambaye anauza nafaka sokoni Majengo, akapiga simu nimpelekee mizani aliyoisahau. Priska akasema, "Nenda fasta, usije ukabanwa njiani. Dumu lako nalilinda mimi. Mwizi akija namwambia achukue, ni juisi."

Nilirudi saa kumi nimebana mapaja. Chumba kinanukia sabuni. Priska kafanya usafi peke yake, kafua mashuka, kahamisha vitu. Tranka liko ukutani, pale dumu lilipokuwa, na dumu liko huku karibu na mlango.

"Nimekusafishia, mdogo wangu, ulale pasafi," akasema. Mikono yake ilikuwa imejikunja kwa maji.

Nilimkumbatia. Naomba hilo lieleweke. Nilimkumbatia na kumwambia asante dada.

Majibu yalirudi baada ya wiki tatu. Sawa. Kila kitu sawa. Daktari wa kwanza akakuna kichwa, akasema labda ni mawazo, wasichana wa umri huu wana mawazo mengi.

Basi. Kuanzia hapo sikuwa mgonjwa tena, nilikuwa mwongo. Mama mdogo alisema hayo ndani ya bajaji tukirudi, mbele ya dereva: "Baba yako kauza ng'ombe, kumbe unatuchezea mchezo." Hali ikinishika ananipita na ndoo yake. Akanipeleka kuombewa jioni tatu mfululizo, wananishika kichwa na kukisukuma, toka, toka, na mimi presha inapanda mpaka naona nyota. Kati ya waliokuwa wamenishika mabega alikuwepo Priska. Alikuwa analia kuliko wote. Nikasema moyoni, angalau huyu ananihurumia.

Halafu siku moja nimesimama nje ya ofisi ya walimu na madaftari, nikasikia Mwalimu Meshack ndani: "Priska, wewe unaishi naye. Huyu mdogo wako anaumwa kweli?"

Nikasikia sauti yake: "Vipimo vyake vilikuwa sawa, mwalimu."

Sikumlaumu. Nilijua vipimo vilikuwa sawa. Hata mimi nilikuwa nimeanza kujiuliza kama ninaigiza bila kujijua. Usiku nikishikwa nikawa natoka nje taratibu, nakaa kwenye ngazi, nahesabu peke yangu.

Miezi saba. Mwezi uliopita, kwenye mtihani wa Kemia, damu ikatoka puani ikadondokea karatasi na macho yakaingia giza. Stara, tunayekaa naye dawati moja, ndo alipiga kelele. Mwalimu Meshack akasema, "Mwacheni, ataamka." Stara akamjibu, "Mwalimu, shikamoo, lakini huyu anakufa!" Mpaka leo wanamcheka kwa hiyo shikamoo. Ila bajaji iliitwa.

Hospitali kubwa nikakutana na Daktari Anuari, bingwa wa upasuaji wa figo na njia ya mkojo. Mpole, anaongea kama anakusimulia. Wakanipiga skani. Akanionyesha kwenye kioo: figo ya kushoto, na juu yake tezi ndogo ambayo kila mtu anayo, ila ya kwangu imeota uvimbe, mkubwa kama yai la kanga.

"Umeshawahi kumwona nyoka?" akaniuliza.

Nikaitikia kwa kichwa. Gulwe wapo.

"Ulijisikiaje?"

Nikaweka mkono kifuani.

"Ehee. Tezi hii ndiyo inayotoa ile dawa ya kukukimbiza. Ya kwako, huo uvimbe unaona nyoka hata pasipo na nyoka. Binti, huigizi. Ni ugonjwa wa nadra sana. Tangu nianze kazi hii nimewaona wanne, wewe wa tano."

Nililia kwa sauti, mimi ambaye silii mbele za watu. Lile neno tu, huigizi.

Wakanipa dumu jingine, la kuhakikisha. Safari hii nilikojoa humo wodini, na nesi anaangalia. Aliniambia nilishike vizuri: "Ikimwagika kwenye saruji hii, inatoa povu na kula sakafu." Majibu yakawa mara kumi na moja ya kawaida. Nikaanzishiwa dawa za kushusha presha, wiki mbili, na maji mengi, kwa sababu bila hivyo wakiugusa uvimbe tu, presha inaweza kuruka nikaishia mezani. Kesho saa mbili asubuhi ndo wananiingiza. Watatoboa matundu madogo ubavuni, na ikishindikana watapasua. Nimesaini na mama mdogo amesaini.

Alhamisi tulienda kliniki ya mwisho, mimi, mama mdogo na Priska. Daktari Anuari alikuwa ameweka karatasi mbili mezani, ya kwanza na ya pili.

"Kuna kitu kinanisumbua," akasema. "Hii ya kwanza, huku chini, mtu wa maabara kaandika kwa mkono kwamba mkojo haukuwa na asidi. Hakuna aliyejali kusoma. Hilo dumu mlilisuuza?"

"Hapana," nikasema. Sijui kama nilisikika.

"Kwa sababu asidi ndiyo inayotunza kile tunachokitafuta. Ikikosekana, au mkiongeza maji, au ya mtu mwingine, mashine itasema mgonjwa mzima."

Mama mdogo akanigeukia. "Kumbe ni wewe mwenyewe! Miezi saba unatuhangaisha, kumbe ulichezea dumu!"

"Mama mdogo, mi siku..."

"Nyamaza. Mzembe mkubwa."

Nilimtazama Priska aniambie walau usijali. Alikuwa anasoma bango la kunawa mikono ukutani, kwa makini, kama ana mtihani nalo.

Jioni ile baba alipiga simu. Ameshaambiwa. Hakugomba, afadhali angegomba. Akasema, "Mwanangu, kwa nini ulichezea? Si ungesema tu umeharibu, tungetafuta namna." Nikasema sikuchezea baba. Nikasikia mbuzi wanaingia zizini. Halafu akasema, "Haya. Mungu atasaidia," kwa ile sauti anayoitumia kwa watu wanaomdanganya.

Sasa leo asubuhi nimekaa sakafuni mbele ya doa. Priska akaingia na mswaki mdomoni. Akaona tranka limesogezwa. Akaacha kupiga mswaki.

"Mbona unapekua vitu vya watu?"

"Nataka sweta langu."

Aliniangalia mimi, akaangalia sakafu, akaniangalia tena. Nilikuwa na maneno yote mdomoni. Nilikuwa nayo yamepangwa. Nikasubiri aanze yeye, kwa sababu yeye ndo mkubwa. Akaweka mguu kwenye tranka, akalisukuma taratibu mpaka likafunika doa. Halafu akaenda msumarini, akatoa sweta lake jipya, lile la maruni ambalo hata kuligusa huwa haniruhusu.

"Chukua langu. Hospitali kuna baridi."

Na mimi nikalichukua. Ndo nimelivaa hapa, wodini. Linanukia mafuta yake.

Nimefikiria kutwa nzima. Najua ilivyokuwa. Aliligonga dumu akisafisha, likamwagika, akaogopa. Mama mdogo akikasirika anatumia mwiko, na lile dumu lilikuwa ng'ombe wa baba. Akasuuza, akajaza mkojo wake mpaka pale ulipokuwa wa kwangu. Kumwaga kwake nimeshamsamehe, hata mimi ningeweza kumwaga. Ila alinishika mabega kule kwenye maombi huku anajua. Alisema vipimo viko sawa huku anajua. Alhamisi alikuwa amekaa hatua moja kutoka kwangu. Nilikuwa naweza kufa nikiwa mwongo, na yeye angelia kuliko wote.

Na kesho bado naweza nisiamke. Daktari amesema nafasi ni nzuri, lakini hajasema hakuna hatari. Nataka nikiingia, baba awe anajua. Picha ya doa ninayo kwenye simu, Priska alipoenda kusukutua nililivuta tena tranka, nikaipiga. Naweza kumtumia baba. Lakini picha ya sakafu kutoka kwa Msanii ni nini? Watasema kaanza kumsingizia dada yake aliyempa sweta. Inatakiwa itoke kwenye mdomo wake.

Saa nne usiku nikamwandikia. Niliandika na kufuta mara nyingi. Niliandika "sina hasira na wewe" nikaifuta, kwa sababu si kweli. Iliyobaki ni hii:

"Da Priska, nimeona pale chini ya tranka na wewe umeona kwamba nimeona. Sitamwambia mama mdogo. Naomba kitu kimoja. Mpigie baba umwambie mimi sikuchezea dumu. Kabla ya saa mbili. Tafadhali dada."

Tiki mbili. Baada ya dakika moja zikawa bluu.

Nikashikilia simu. Saa nne na nusu ikatetemeka, nikashtuka mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka. Ilikuwa kwenye grupu la familia. Priska ameweka picha yetu mimi na yeye, ya Krismasi, tumevaa sare. Chini ameandika: "Ndugu zangu naomba tumwombee mdogo wangu kipenzi kesho anaingia chumba cha upasuaji. Nampenda sana, Mungu amtangulie." Na vile vimikono vya kuomba, vitano.

Amina zikaanza kuingia. Mama mdogo, Amina. Shangazi wa Mpwapwa, Amina. Baba, ambaye kuandika kunamchukua muda, aliandika saa tano kasoro: "Amina mwanangu Priska. Asante kwa kumtunza mwenzio."

Sasa ni saa saba. Nesi amepita mara mbili kuniambia nizime taa ya simu. Nikifungua grupu, Amina zimefika kumi na tisa. Nikirudi kwake, ujumbe wangu uko pale pale wa mwisho, na tiki zake mbili za bluu.